Usitazame Mlango

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na macho hayajazidi kukusumbua. Mimi sijambo, kazi ipo. Baba mdogo anakusalimu. Bado analala chumba cha mbele hapa karakana, na bado anakoroma kama mtu anayekata mbao mbichi. Mwambie mama shuka alizonitumia nimezipata.

Kiti chako cha kufundishia kilifika juu ya lori la magodoro, kimefungwa kamba kama mwizi. Springi zimechomoza na sponji imekuwa unga. Usiwe na wasiwasi. Nitakivua mpaka kibaki mbao tupu, kisha nikijenge upya.

Sasa neno lenyewe. Wewe umefundisha mashairi maisha yako yote, na mimi darasani kwako nilikuwa nalala. Leo nimekuja mwenyewe. Mwaka jana niling'olewa jino kwenye kliniki ya meno iliyo mtaa wa nyuma yetu, nikaona benchi lao la kungojea limekufa, wakanipa kazi ya kulitengeneza. Nililiwekea mgongo mpya, sponji nene, na ngozi ya bandia ya rangi ya kahawia. Mpokezi wao, dada anayekaa nyuma ya kioo na kuita majina, alinisifu mbele ya daktari. Tangu hapo, mchana nikipumzika naenda kukaa pale. Jino lilishapona zamani, lakini nikiingia najishika shavu kidogo. Tafadhali hili libaki kati yetu.

Wiki iliyopita nilikuta amebandika karatasi ukutani, juu ya benchi langu, kwa mwandiko wake mzuri. Ni shairi. Wagonjwa wakilisoma wananitazama na kutabasamu. Mzee anayepiga deki alinigonga bega. Nimelinakili lote:

Kila siku ukifika, nakubebea mgongo,
Wengi kwangu huinuka, huniachia udongo,
Wakiitwa huondoka, wewe wanyoosha shingo,
Kaa kwangu ukichoka, usitazame mlango.

Naona kama ni mapenzi, ila naogopa kujidanganya. Nieleze linasema nini, Shangazi. Nataka kujua kabla sijafungua mdomo.

Mtoto wako,
Chelewa

*

Tarehe 20 Februari

Chelewa wangu, uliyechelewa kuzaliwa, ukachelewa kutembea, ukachelewa kusema mpaka mama yako akakupeleka kwa daktari,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mama yako kifua kinambana asubuhi, mchana kinamwachia, jioni anagombana na wote. Macho yangu sasa yanaona mwanga na vivuli. Kuandika naandika, kwa kalamu nene na herufi kubwa kama za ubaoni, lakini kusoma siwezi tena. Barua yako alinisomea karani mstaafu wa darasa langu la jioni. Ana sauti ya kupendeza, anajua pa kupumzika.

Kwanza nikupongeze. Mtu mzima anayetaka kuelewa shairi ni mtu adimu. Pili, sitakueleza. Kumweleza mtu shairi ni kumtafunia chakula na kumtemea mdomoni. Atashiba, lakini ladha haijui. Nitakufundisha kula.

Tuanze na mizani. Fumba macho, useme mstari wa kwanza kwa sauti, na kunja kidole kila sauti inapopiga: ki, la, si, ku, u, ki, fi, ka. Vidole vinane. Kisha unapumzika, na unaanza tena: na, ku, be, be, a, m, go, ngo. Vinane vingine. Ile m ya mgongo hesabu peke yake, ingawa mdomo umefungwa. Kipande cha mbele kinaitwa ukwapi, cha nyuma utao. Mistari yote minne imekatwa hivyo. Wewe ni fundi wa makochi. Unajua kitambaa kisichopimwa huonekana kimevutwa upande mmoja. Shairi nalo ni hivyo. Aliyelipima kwa namna hii hakubahatisha, na maneno yake hakuyaokota njiani.

Kisha vina. Sikiliza mwisho wa kila kipande: ka, ngo, ka, ngo. Huo ni mshono. Uzi mmoja unaingia na kutoka mpaka chini, ili ubeti usiachane. Ukisikia mshono, tafuta kilichoshonwa.

Rudi sasa ukalisome hivyo mara nyingi, kisha uniandikie umesikia nini. Na kiti changu? Nafundisha nikiwa nimekalia stuli ya jikoni.

Shangazi yako

*

Tarehe 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba mdogo ameanza kulalamika jino, lakini hataki kwenda popote. Anasukutua maji ya chumvi na kutulaani sisi tunaogonga nyundo. Kiti chako nimeshakivua. Chini ya kitambaa cha zamani nimekuta chaki nyingi na kitana.

Nimefanya ulivyosema. Nilikaa pale klinikini, nikafumba macho, nikawa nakunja vidole. Nilipofumbua, benchi zima lilikuwa linanitazama, na mpokezi alikuwa amejifunika mdomo kwa faili. Sijawahi kumwona na furaha vile. Nimelisoma mpaka linanijia nikiwa napiga misumari.

Haya ndiyo niliyosikia. Anaposema ananibebea mgongo, ana maana atanisaidia mizigo ya maisha. Wengi waliomwinukia na kumwachia udongo ni wanaume waliomwacha na kumchafua jina, na nilipofika hapo nilimwonea huruma sana. Hao wengine wakiitwa waliondoka, lakini mimi nanyoosha shingo. Ameona jinsi ninavyomtazama kwenye kioo chake. Mwisho anasema nikae kwake, nisifikirie kutoka. Ni kweli kila anapoita majina wenzangu huinuka wakaingia kwa daktari, nami hubaki, kwa sababu sina faili. Naona hilo nalo amelipenda, kwamba mimi sina haja nyingine pale ila yeye.

Nimesikia sawasawa? Nimekodi chumba kikubwa zaidi, chenye dirisha la barabarani. Naanza kutengeneza kitanda.

Chelewa

*

Tarehe 29 Machi

Chelewa wangu,

Marahaba. Nimekawia kukujibu kwa sababu barua yako ilitupa kazi. Mama yako anasema kile kitana kirudishe, ni chake. Darasa lote linakusalimu, na dada mmoja kati ya wawili wanaofanya kazi benki anauliza kama shavu limepungua uvimbe.

Umesoma kwa moyo. Hilo ni jambo zuri na la hatari. Msomaji anayeanza hufanya kosa moja, nami nimeliona kwa kila darasa lililopita mikononi mwangu: hulisogelea shairi kama mtu anayesogelea kioo. Anatafuta uso wake, anaukuta, anaondoka ameridhika. Shairi si kioo. Ni dirisha, na nje ya dirisha kuna kitu. Kwa hiyo kabla hujauliza maneno yana maana gani kwako, uliza yametoka wapi. Mgongo, udongo, kuinuka, kukaa, mlango: hayo ni maneno ya mahali gani? Kila picha ina nyumba yake. Mshairi akikupa usukani, breki na honi, hakupeleki baharini.

Jambo la pili ni kituo, ule mstari wa mwisho unaoufunga ubeti. Fundi mzuri hauweki uzito wa kiti kwenye mguu mmoja, lakini mshairi huuweka. Yote yaliyotangulia hutelemkia pale. Usome mstari huo peke yake, mbali na mengine. Usitazame mlango. Mtu huambiwa asitazame mlango wakati gani?

Umekaribia, baba. Karani anasema ungeweza kufika leo. Muuza dawa, naye mwanafunzi wangu, anasema mpaka Juni. Mimi sikuruhusu wabishane kwa pesa.

Usitengeneze kitanda kwanza. Tengeneza kiti.

Shangazi yako

*

Tarehe 7 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kitana kinakuja ndani ya bahasha hii. Mwambie mama asiniombee mabaya.

Yale ya shavu niliandika yabaki kati yetu. Labda sikuandika waziwazi. Basi.

Nimejaribu kuuliza maneno yametoka wapi, na jibu langu ni kwamba yametoka moyoni mwake. Mtu huambiwa asitazame mlango anapopendwa na kuombwa asiondoke. Sioni wakati mwingine. Shangazi, mimi si mtu wa mafumbo. Nikishika mbao najua kama ina fundo. Hapa sijui, na siku zinakwenda. Nimezungumza na baba mdogo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tutakwenda pale klinikini tukaseme nia yetu rasmi, kwani kwao sikujui. Baba mdogo amekubali kuvaa koti.

Nakuomba kitu kidogo sana. Usinifundishe. Niandikie neno moja tu, niende au nisiende. Ukituma haraka, barua itanifikia. Nikienda nikakataliwa, nitakataliwa mbele ya benchi zima, na mtaa huu ndio ninaofanyia kazi. Wateja wangu wote wana meno.

Chelewa

*

Tarehe 26 Aprili

Chelewa wangu,

Marahaba. Mama yako amefurahia kitana, ingawa meno yake mawili hayapo. Ya kitana, nina maana.

Barua yako ilifika mapema na tukaisoma katika vikao viwili. Hilo neno moja unaloomba huombwa kwa mpiga ramli. Mwalimu akikupa, amekuibia. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kumpa mwanafunzi jibu, hata aliyekuwa analia. Nadhani barua hii itakukuta umesharudi kutoka huko mnakokwenda. Si kitu. Shairi halichachi.

Lililobaki ni somo moja, nalo nimelitunza makusudi, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Katika shairi kuna aliyeandika na kuna anayesema, na hao si lazima wawe mtu mmoja. Mwanamke anaweza kuandika na mzee akasema. Mtu anaweza kuandika na mvua ikasema, au jembe, au mtoto aliyekufa. Msomaji mchanga huona mwandiko wa fulani akadhani ni sauti ya fulani. Wewe uliza hivi: nani anasema "kwangu"? Nani hukaliwa na wengi, wakainuka, wakamwachia udongo? Karatasi imebandikwa juu ya kitu gani?

Inamisha shingo tu, baba, utazame chini yake.

Shangazi yako

*

Tarehe 18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Tulikwenda. Benchi lilikuwa limejaa, tukasimama. Baba mdogo alisogea kwenye kioo na koti lake, akaanza kama wazee wanavyoanza, kwamba sisi ni watu wa heri na tuna haja, na mpokezi akampa namba na kumwomba asubiri. Ikabidi nimwambie baba mdogo aseme haja yenyewe. Akaisema. Sauti yake unaijua, haina kificho.

Dada yule hakucheka, hilo nimpe haki yake. Alimwambia, "Mzee, mimi nina mume. Na huyu nimeshamwambia kwa adabu, tangu mwezi wa kwanza, pale ukutani."

Mimi nikajibu mbele ya watu wote kwamba pale ukutani ameniambia nikae kwake.

Benchi zima likaangua kicheko. Kulikuwa na mama mmoja mwenye shavu lililovimba, analishika kwa mikono miwili kwa sababu kucheka kulimuuma. Ndiye aliyenionea huruma. Alisema, "Anayesema pale si dada huyu, baba. Ni benchi. Linakwambia ukae tu, maana wewe huitwi."

Mgongo wa benchi lile niliujenga kwa mikono yangu, na lilipofungua mdomo sikulitambua.

Daktari akatoka na barakoa yake kuuliza kelele za nini. Baba mdogo akasema kwa kuwa tumeshafika na namba anayo, basi watazame jino lake. Wakamwingiza. Mahali pakapatikana, nikakaa kumngojea, chini ya karatasi ile, mpaka alipomaliza. Ilichukua muda, mizizi yake ni mirefu. Kila jina lilipoitwa walinitazama kuona kama nitanyoosha shingo.

Barua yako ilinifikia wiki iliyofuata. Ile ya nani anasema.

Kiti chako kimekwisha. Mbao nimezikaza, springi mpya, sponji ngumu upande wa kiuno kama unavyopenda. Mgongo wa kuegemea nimeupamba kwa uzi mweusi mnene, kazi ya mkono, kwa sindano iliyopinda; imenichukua jioni nyingi. Kinakuja kwa lori lile lile la magodoro. Nakushukuru kwa masomo.

Mtoto wa kaka yako

*

Tarehe 12 Juni

Chelewa wangu,

Marahaba. Kiti kimefika na ni raha tupu. Kinanishika kiuno kama mtu anayenijua. Nimepitisha kiganja mgongoni mwake, nikausikia uzi unapanda na kushuka, nikaliambia darasa kwamba mpwa wao amenitarizia maua. Wakakohoa mmoja mmoja, kisha wote wakakubali ni maua.

Barua yako ilisomwa. Usinung'unike. Wengi wanakufa hawajajua nani anasema, na wewe umejua, tena kwa namna ambayo hutaisahau. Ningekwambia mwezi wa pili, ungelia siku moja na shairi lingekupita. Sasa mizani unaijua, kituo unakijua, msemaji unamjua. Nimekupa alama nzuri. Nimekukata chache kwa kuchelewa.

Jino la baba mdogo limepoa? Na kile chumba chenye dirisha umekifanyia nini? Andika.

Shangazi yako

*

Tarehe 30 Julai

Mwanangu,

Hujaandika. Mama yako anasema yeye umemwandikia na kumtumia mito, kwa hiyo najua uko hai.

Darasa langu limejaa. Wanakuja hata watu ambao hawakuwahi kupenda mashairi. Juzi kaja muuza magazeti na mkewe. Nilifurahi mwanzoni. Kisha nikaona kwamba kila ninapoinuka kwenda ubaoni sebule inanyamaza, halafu nasikia midomo. Mlio huo naujua, mimi ndiye niliyewafundisha: ni mtu anayesoma pumzi kwa pumzi huku anakunja vidole. Kisha mtu anakohoa kicheko chake ndani ya kitambaa.

Jana mchana nilibaki peke yangu, nikapiga magoti mbele ya kiti na kukisoma kwa vidole. Si maua. Ni mistari minne, na kila mmoja una nafasi katikati. Miisho yake inafanana chini ya kidole. Ni ubeti, na umepimwa vizuri, maana kingo zote ziko sawa. Lakini herufi umeziunganisha na uzi ni mnene, sikupata hata neno moja zima.

Nilimwomba karani anisomee. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kupendeza: "Mwalimu, si wewe uliyetukataza kumtafunia mtu?" Muuza dawa alisema nimekaribia. Mama yako nilipomuuliza alicheka mpaka kifua kikambana, akasema yeye mashairi hayajui. Niliweka shuka juu ya kiti. Nikiinuka linateleza, sijui linateleza lenyewe au linasaidiwa.

Siku hizi nafundisha nikiwa nimekaa. Siinuki mpaka wa mwisho atoke, na ubao unakauka. Wakati mwingine wanakawia makusudi, nami nasikiliza mlango.

Nakuomba, mwanangu. Sitaki yote. Niambie nani anasema.

Shangazi yako

*

Tarehe 21 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba mdogo hajambo, pengo limefunga na sasa anakoroma kwa mluzi. Chumba nilikirudisha, kitanda akanunua yule mama wa shavu. Kazi ni nyingi. Watu waliokuja kunicheka waliona makochi, wengine wakaacha oda.

Namsalimu karani anayekusomea barua hii. Namwomba asome polepole, apumzike panapostahili, na wageni walio nyuma wasogee wasikie.

Shairi lenyewe ni jepesi sana, Shangazi, mtoto mdogo angelielewa mara moja. Lakini nikikueleza nitakuwa nimekutemea mdomoni, na ladha yake utaikosa. Wewe mwenyewe ulinionyesha njia, na haina haraka. Egemea vizuri, usikie uzi ukikugusa mgongo. Fumba macho.

Tuanze na mizani.

Mtoto wa kaka yako